Kwa nini mbegu hazikufanana na mama yao: namna watu wanavyopata sedumu mpya ya bustani



Munakumbuka wote ile bustani ya dahlia mbele ya direksyo, na mambo yaliyofuata. Wengine wangali wanacheka. Sisi wa komite ya wanafunzi hatucheki tena, kwa sababu tulikosa, na tunataka kueleza kosa letu wazi katika gazeti hili, pasipo kuzungukazunguka.

Mwisho wa mwaka wa masomo uliopita, mwenzetu mmoja aliyechunga bustani alivuna mbegu za ile dahlia nyekundu sana inayosimama karibu na ngazi ya direksyo. Mwezi wa tisa tukapanda mbegu zile mistari minne, tukingojea bustani nzima nyekundu kwa siku ya kupokea wageni. Maua yalipofunguka tulishangaa: ya manjano, meupe, ya zambarau, mengine yenye mstari mmoja tu wa petali kama ua la porini. Nyekundu zilikuwa tatu tu. Tukamwita yule mwenzetu.

– Weye ulibadilisha mbegu!

– Hapana, bakubwa. Nilizitosha kwa ile ua yenyewe, kwa mikono yangu.

– Sasa hizi rangi zote zimetoka wapi?

Hakuwa na jibu. Tukaandika raporo, tukaweka sinyatire zetu chini. Akanyang'anywa ufunguo wa depo ya bustani, akakata majani siku tatu. Maua yenyewe tukayang'oa, isipokuwa mashina manne ambayo mzee wetu sentineli alituomba tumuachie kando ya kibanda chake.

Kisha, mwezi wa tatu, sisi wa mwaka wa mwisho tukafika kwa somo la jenetike, ni kusema elimu ya urithi. Mwalimu wetu wa biolojia akatueleza namna watu wanavyopata aina mpya ya ua, na mfano aliotoa ni sedumu. Kabla somo halijaisha tulikuwa tunatazamana. Ndiyo maana tunaandika habari hii. Tutaanza na sedumu, kwa sababu historia yake inajulikana vizuri, halafu tutarudi kwa dahlia yetu.

SEDUMU NI MMEA GANI?

Sedumu ni mmea wenye majani manene yanayoweka maji ndani, na maua madogo yenye umbo la nyota. Jina Sedum liliwekwa na mtaalamu wa Uswedi, Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Leo aina zake za porini zinahesabiwa kwa mamia. Nyingine ni fupi, zinatambaa juu ya mawe. Nyingine zinasimama wima mpaka nusu metre na zaidi. Hizo ndefu wataalamu wengi wamezihamisha kwa jina lingine, Hylotelephium, lakini watu wa bustani wanaendelea kuziita sedumu tu, na sisi tutafanya vilevile.

Musifikiri ni mmea wa Wazungu peke yao. Iko moja inayoitwa Sedum ruwenzoriense, kwa jina la milima yetu ya Ruwenzori. Na ndugu yake munamjua wote: ni lile jani nene ambalo ukiliacha juu ya dirisha linazaa vitoto kwenye kingo zake. Jani lile na sedumu ni wa jamaa moja, jamaa ya Crassulaceae.

Jamaa hii ina desturi ya ajabu. Mimea mingi inafungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta gazi karbonike. Hii inaweza kuvifungua usiku, jua lisiinyang'anye maji, na gazi ile inaiweka akiba kama asidi mpaka asubuhi. Mtu mmoja aitwaye Benjamin Heyne, aliyekaa India, aliandika habari hiyo katika barua iliyochapishwa London mwaka 1815: jani lile linalozaa vitoto lina ukali asubuhi, na mchana ukali unapotea. Yeye alionja kwa ulimi. Ninyi musionje, mmea huu una sumu. Mukitaka kuhakikisha, muombe karatasi ya turnesoli kwa laboratwari, mupime maji ya jani saa kumi na mbili ya asubuhi, kisha saa tisa ya mchana.

MTU WA RONSDORF

Katika Ujerumani kulikuwa mtu wa bustani aitwaye Georg Arends. Alizaliwa mwaka 1863. Mwaka 1888 alianzisha bustani ya kuzalisha na kuuza miche pale Ronsdorf, ambayo leo ni sehemu ya mji wa Wuppertal. Kazi yake ya maisha yote ilikuwa kuunganisha ua na ua na kuchagua watoto wao. Yuko ua moja, astilbe, ambalo mpaka leo hibridi zake nyingi zinabeba jina lake: Astilbe × arendsii.

Bustani yake ilitoa pia sedumu inayojulikana kupita zote, Herbstfreude. Neno hili la Kijerumani maana yake ni furaha ya majira yale ambapo joto limekwisha na majani ya miti yanaanguka, mbele ya baridi kufika. Waingereza na Waamerika wanaiita Autumn Joy. Wazazi wake ni wawili. Mmoja ni Sedum spectabile ya China na Korea, yenye vichwa vipana vya maua ya rangi ya waridi. Mwingine ni Sedum telephium, aina inayoota porini katika Ulaya. Mtoto alipata shina nene na kichwa kipana. Maua yake yanaanza na rangi ya waridi, yanageuka mekundu ya matofali, mwisho yanakuwa kama shaba ya zamani. Kwa hiyo bustani inaangaliwa miezi mingi kwa mmea mmoja tu.

Sedumu hiyo ilitolewa kwa watu mwaka 1955. Lakini mzee Arends alikufa mwaka 1952. Neno hili lilitugusa sisi tunaokaribia kutoka shuleni. Kazi ya namna hii inapita umri wa mtu, na pasipo maandiko na watu wanaobaki, inapotea.

KAZI INAFANYIKA NAMNA GANI?

Kwanza, unajua unatafuta nini. Hapana kusema tu «nataka ua jipya». Unasema: nataka sedumu yenye majani ya zambarau kama huyu, lakini shina lisianguke mvua inapopiga, kama yule. Basi unachagua mama na baba. Mama ni ule mmea utakaobeba mbegu. Baba ni ule utakaotoa polene, ule unga unaobaki kwa kidole ukigusa ua. Kwa kuandika, jina la mama linatangulia, kisha alama ×, kisha baba.

Pili, unamlinda mama. Ua la sedumu kwa kawaida lina petali tano, etamini kumi zinazobeba polene, na katikati pistili tano. Ukiliacha hivi, polene yake mwenyewe au ya jirani itaingia. Kwa hiyo, ua likikaribia kufunguka, unatosha etamini zote kumi kwa pensi ndogo, moja kwa moja. Ua zima halipiti upana wa ukucha wa kidole kidogo. Mkono ukitetemeka umeharibu. Maua mengine ya kichwa kile ambayo hukuyatengeneza unayakata. Kisha unafunika kichwa kwa kifuko cha kitambaa chepesi, nyuki wasifike. Nyuki wanapenda sedumu sana, na nyuki hajui kusoma etiketi.

Tatu, unangojea siku mbili tatu mpaka pistili za mama ziwe tayari. Unachukua polene ya baba kwa burashi ndogo ya kupaka rangi, unagusisha. Unafunika tena. Unafunga etiketi yenye jina la mama, la baba, na tarehe. Siku ile ile unaandika katika kaye. Mwalimu alitusisitiza sana juu ya kaye: etiketi inachukuliwa na upepo, kichwa kinasahau, kaye inabaki.

Nne, vifuko vya mbegu vikikauka unavikamata kwa anvelope. Mbegu za sedumu ni kama vumbi. Unazitawanya juu ya udongo laini, huzifuniki, au unatia mchanga kidogo sana, na maji unayatia kutoka chini ya chombo zisichukuliwe. Zikiota, kila mche unapata pahali pake. Sedumu ndefu mara nyingi zinatoa maua mwaka wa pili. Miaka miwili ya kunyunyizia na kungojea, pasipo kujua kama umepata kitu!

Tano ndiyo kazi kubwa: kutupa. Wengi wanafikiri mtu anayeunganisha maua anafanya kazi siku ile ya burashi. Sivyo. Burashi ni kazi ya asubuhi moja. Kuchagua ni kazi ya miaka. Sehemu kubwa ya miche haizidi wazazi, ile inatupwa. Michache inawekwa, inapandwa tena kwa udongo mbaya na mzuri, inatazamwa: inaanguka? inashikwa na ugonjwa? inafanana mno na aina ambayo watu wanayo tayari? Ua jipya si zuri kwa sababu ni jipya tu. Liwe na sababu ya kupewa nafasi.

JUU YA NINI WATOTO WANATOFAUTIANA?

Hapa tunafika kwa kosa letu. Sisi tulifikiri mbegu ni kama fotokopi ya mama. Mendel alionyesha kwamba sivyo. Huyu alifanya kazi katika mji wa Brno, akapanda mbaazi za bustani, zile ndogo za Ulaya, tangu 1856 mpaka 1863. Alisoma matokeo yake mbele ya watu mwaka 1865, yakachapishwa 1866, na ulimwengu haukuyajali mpaka mwaka 1900.

Mojawapo ya majaribio yake ni hili. Aliunganisha mbaazi ya maua ya zambarau na ya maua meupe. Watoto wote walikuwa wa zambarau. Mtu angesema: weupe umekufa. Lakini aliwaacha watoto wale wazae wenyewe kwa wenyewe, akahesabu wajukuu: 705 zambarau, 224 weupe. Weupe haukufa, ulijificha. Kila mmea ulibeba jeni mbili za rangi, moja ya mama na moja ya baba. Ile ya zambarau ilifunika ile nyeupe. Mjukuu akipata nyeupe mbili, rangi ya bibi yake inatokea tena. Ni hesabu ya tatu kwa moja, karibu sawasawa.

Mbaazi inajizalisha mwenyewe ndani ya ua lake, ndiyo maana hesabu yake ni safi. Dahlia ya bustani ni kitu kingine. Kwanza ni hibridi ya tangu zamani, imechanganywa mara nyingi. Pili, seli yake ina kromozome 64, na kila aina ya kromozome iko mara nane, si mara mbili. Kwa hiyo dahlia moja nyekundu inaficha ndani yake manjano, weupe, zambarau, petali nyingi na petali chache. Tatu, nyuki wanaileta polene ya jirani. Ukipanda mbegu yake, ile yote iliyofichwa inatoka nje.

Hakuna mtu aliyebadilisha mbegu, wapenzi wasomaji. Mbegu ndiyo ilikuwa na rangi zile zote.

Baada ya somo tulimwendea yule mwenzetu. Tulimuuliza kitu ambacho tungemuuliza siku ya kwanza: kama alikuwa ameandika chochote. Akatuletea kaye yake ya zamani. Kwa biki nyekundu ilikuwa imeandikwa tarehe aliyokata ua, na chini yake: «Nyuki wengi sana. Dahlia ya manjano iko hatua tatu.» Jibu lilikuwa pale tangu mwanzo. Sisi wenye raporo na sinyatire hatukuomba kulisoma. Yeye naye alikuwa ameona sababu kwa macho yake, ila hakuwa amefundishwa bado kwamba ni sababu.

NAMNA YA KUTUNZA AINA ILIYOPATIKANA

Sasa mutauliza: kama mbegu zinatawanya kila kitu, sedumu Herbstfreude imebaki namna gani ile ile tangu 1955 mpaka leo, katika nchi nyingi hivi?

Jibu ni kwamba haipandwi kwa mbegu. Maua yake hayana hata etamini, haitoi polene. Inakatwa vipande vya shina, ndiyo tunaita butire, au inagawanywa kwa mizizi. Kipande kinatiwa katika udongo, kinatoa mizizi, kinakuwa mmea kamili. Hakuna baba hapo, hakuna mchanganyiko. Kila Herbstfreude ya kweli katika kila bustani ni mwili wa mmea mmoja ule wa kwanza uliokatwa na kukatwa tena.

Mama zetu wanajua elimu hii tangu zamani. Nani alishaona mama anapanda muhogo kwa mbegu ili apate muhogo ule ule mtamu? Anakata mti wake. Viazi vitamu anakata kamba. Ndizi anatosha mtoto kando ya mama. Dahlia nayo iko na viazi chini ya udongo, na tungepanda viazi vile, tungepata bustani nyekundu kwa wageni. Kosa halikuwa la mkono wa mtu mmoja. Sote tulichagua mbegu, na njia iliyofaa ilikuwa kiazi.

Lakini njia ya butire ina hatari yake. Mimea yote ikiwa mwili mmoja, ugonjwa unaoweza kuua mmoja unaweza kuua yote. Munajua vile ugonjwa wa kunyauka kwa migomba ulivyosumbua mashamba ya Kivu tangu miaka ya 2000. Ndiyo maana kazi ya mbegu na kazi ya butire zinahitajiana: mbegu inaleta mpya, butire inatunza ile iliyochaguliwa.

Aliyefanya kazi ya miaka anaweza pia kulindwa na sheria, mwingine asiuze ua lake kama lake. Marekani iliweka sheria mwaka 1930 juu ya mimea inayoongezwa pasipo mbegu. Mwaka 1961 mapatano ya mataifa yalifanywa Paris, yanaitwa UPOV. Yanaomba aina mpya itofautiane na zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na ibaki vilevile ikiongezwa.

TUNAOMBA NINI KWA WANAOBAKI?

Hatuwaombi kutafuta sedumu za Ujerumani. Zile ndefu ni mimea ya nchi zenye majira ya baridi, na hapa kwetu baridi ya namna ile haiko. Tunaomba mufanye kwa dahlia kazi ile ile ya sedumu. Mukitaka nyekundu ya direksyo ibaki, mugawanye viazi vyake, kila kiazi na kipande cha shina chenye jicho, kwa maana kiazi pasipo jicho hakioti. Mukitaka mpya, mupande mbegu, mungojee, muchague. Muweke etiketi. Muweke kaye moja ya bustani katika depo, kila mmoja aandike alichofanya na alichoona, hata kama haelewi bado maana yake.

Tumemwandikia Bwana Prefe barua ya kufuta raporo yetu ya kwanza. Aliisoma mbele ya safu asubuhi, na ufunguo wa depo umerudi kwa mwenyewe. Siku tatu za kukata majani hatuwezi kumrudishia. Tunamwomba samahani hapa, kwa maandiko, kwa sababu tulimshitaki kwa maandiko.

Neno la mwisho. Kati ya yale mashina manne aliyoyaokoa mzee sentineli, moja limetoa ua jeupe lenye ncha nyekundu kwa kila petali. Katika bustani zote za hapa karibu hatujaona lingine la namna ile. Labda ni zuri, labda litaanguka mvua ya kwanza. Miaka ndiyo itasema, na sisi wa mwaka wa mwisho hatutakuwa hapa. Viazi vyake vitatunzwa katika depo, katika mchanga mkavu, na etiketi yake haina jina bado. Kulipa jina ni haki ya yule aliyevuna mbegu. Mengine tuliyoyang'oa, mistari minne mizima, hatutajua kamwe yalikuwa nini.

Tunasimamisha kalamu hapa.

Kwa niaba ya komite ya wanafunzi,
Mkuu wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Biolojia-Kemia